Njia za Baisikeli Katika Vilima vya Bukoba na Muleba

Leo nimekusudia kuwasimulieni habari za kale za nchi ya Bukoba na Muleba, wala sitazisimulia kwa kufuata orodha ya watawala na miaka yao, kama ilivyo desturi katika masomo ya shule. Nitazifuata kwa njia, kama mtu apitavyo juu ya baisikeli yake kutoka kilima hata kilima, akishuka kila penye kitu cha kutazamwa. Maana habari za nchi hii hazikukaa vitabuni tu. Nyingi zimelala kando ya njia, chini ya majani, na kila siku twazipita mbio bila kuziamkia.

Kwanza yafaa tuseme machache juu ya baisikeli yenyewe. Chombo hiki si cha zamani sana. Mwaka 1817 Mdachi mmoja, yaani Mjerumani, jina lake Karl Drais, alitengeneza gari la mti lenye magurudumu mawili. Halikuwa na kanyagio. Mpandaji alilisukuma kwa kupiga miguu chini. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley alitengeneza baisikeli yenye magurudumu yaliyo karibu sawa, na mnyororo wa kuzungusha lile la nyuma, na umbo hilo ndilo tulilo nalo hata leo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta mpira wa kutiwa upepo, na mifupa ya wapandaji ikapata raha.

Watu wa milimani waliongojea baisikeli yao walingoja zaidi. Katika miaka ya 1970 vijana wa California, huko Marekani, walichukua baisikeli nzito za zamani wakashindana kuteremka njia za vumbi za Mlima Tamalpais. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nazo zilipata moto hata grisi ikageuka moshi, ikawa lazima kuzipaka grisi upya kila baada ya kuteremka. Taabu ile iliwafundisha kutengeneza baisikeli za milimani, zenye matairi mapana, breki imara na gia nyingi. Na mwaka 1996 mashindano yake yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Mtu anayeteremka Kibeta na mikungu ya ndizi nyuma ya baisikeli yake hana haja ya kuelezwa zaidi habari za breki.

Sasa tutazame nchi. Kibeta ni kata ya Manispaa ya Bukoba, katika vilima vinavyouzunguka mji. Nchi hii imekaa kama mawimbi. Vilima virefu vimejipanga safu kwa safu toka kaskazini kwenda kusini, sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria, na kati ya safu na safu yako mabonde yenye matope na matete. Uso wa ziwa wenyewe uko kadiri ya mita 1,134 juu ya bahari, na vilima vimeinuka juu yake. Basi anayekwenda kusini au kaskazini aweza kufuata mgongo wa kilima akaenda kwa raha. Bali anayekwenda magharibi hana budi kushuka na kupanda, kushuka na kupanda, hata magoti yamwambie idadi ya mabonde.

Tena mpandaji ataona kwamba nchi ina nguo mbili. Kuna vijiji, navyo vimefunikwa na migomba minene, na mibuni chini yake. Na kuna rweya, yaani mbuga tupu ya majani, ambapo upepo hauna kizuizi. Mgeni hudhani ya kuwa Mungu aliumba udongo mzuri huku na udongo mbaya kule. Sivyo. Mvua ya hapa ni nyingi mno, nayo huusafisha udongo ikauondolea nguvu zake. Udongo mweusi wa kibanja ni kazi ya mikono: watu wa zamani walikata majani ya rweya wakayatandaza chini ya migomba, wakatia na samadi ya ng'ombe, mwaka hata mwaka, baba hata mwana. Kila kibanja mkipitacho ni kumbukumbu ya kazi, ingawa hakuna jiwe lililoandikwa mbele yake.

Tuanze na njia fupi, ya kuteremka mjini. Mwezi wa Novemba mwaka 1890 alifika ufukoni hapa Emin Pasha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, naye alikuwa mganga aliyekwisha kutawala jimbo la Ekwatoria kusini mwa Sudani kwa ajili ya serikali ya Misri. Sasa alikuja kwa amri ya Wadachi, pamoja na msafara uliotoka pwani, akaanzisha kituo cha serikali. Na kituo hicho ndicho asili ya mji wa Bukoba. Yeye mwenyewe hakukaa. Mwaka 1891 aliondoka kwenda magharibi, na mwaka 1892 aliuawa katika nchi ya Kongo. Majengo ya zamani ya Wadachi yaliyosalia mjini yatukumbusha siku hizo.

Lakini wakati Wadachi walipofika, nchi haikuwa bila wenyewe. Kulikuwa na falme za Wahaya: Kiziba, Bugabo, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na nyinginezo, kila moja na Mkama wake. Wakama wengine walipigana na wageni, wengine walifanya urafiki nao wapate nguvu juu ya jirani zao. Aliyefaulu kuliko wote katika shauri hilo la pili ni Kahigi wa Kianja, ambaye makao yake yalikuwa Kanazi, kusini ya mji, nasi tutapita huko. Cheo cha Wakama katika serikali kiliondolewa mwaka 1963, baada ya uhuru wa Tanganyika.

Kabla hatujauacha mji, tazameni ziwani. Mwezi wa Juni mwaka 1915, katika vita vikuu vya kwanza, Waingereza walipakia askari wao katika meli huko Kisumu chini ya Jenerali Stewart: Waingereza, Wahindi, na Waafrika wa K.A.R. Wakavuka ziwa, wakashuka pwani ya kaskazini ya mji, wakapanda majabali. Baada ya mapigano ya siku mbili, tarehe 23 waliingia Bukoba. Miongoni mwao alikuwako Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, naye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 63. Walitaka nini? Walitaka mlingoti wa simu ya upepo, uliokuwa ukipeleka habari za Wadachi mbali. Wakauvunja, wakaiharibu ngome, na nyumba za mji zikatekwa vitu vyake. Kisha wakapanda meli jioni ile ile wakarudi. Ninyi mnaosikiliza sauti kwa njia ya redio, kumbukeni ya kuwa katika mji huu watu walikwisha kufa kwa ajili ya chombo cha namna hii, kabla mwananchi hajapata kukisikia kikisema lugha yake.

Sasa turudi juu, tushike njia ya kusini kuelekea Maruku. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote kwa mwanafunzi wa habari za kale, nayo ni safari ya asubuhi. Maruku yajulikana kwa kituo cha serikali cha kuchunguza mimea, hasa migomba. Karibu yake pana kijiji cha Katuruka, na hapo, wasikilizaji, mshukeni chini mwiegemeze baisikeli zenu.

Wazee wa Katuruka walikuwa na masimulizi juu ya mti mkubwa mahali paitwapo Kaiija. Walisema ya kuwa Mkama Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi hapo, akawaamuru wafue chuma cha kujengea mnara wa kufika mbinguni, apate kuona kulikoni. Mnara ukapanda, ukapanda. Mwisho ukaanguka ukaua watu. Wako waliosikia wakacheka, wakasema ni hadithi ya jioni ya kulaza watoto.

Kuanzia mwaka 1969 alikuja mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, naye hakucheka. Aliketi na wazee, akayaandika maneno yao, kisha akachimba pale pale walipomwonyesha. Chini ya udongo akakuta mashimo ya kazi ya wahunzi, makaa, mavi ya chuma, na vigae vya vyungu vya namna ile iitwayo Urewe, kwa jina la mahali katika Kenya ya magharibi. Makaa yalipopimwa, mengine yalionekana kuwa na umri wa miaka kama 2,500. Wako wataalamu waliotaka ushahidi zaidi kwa ile miaka ya mwanzo kabisa. Lakini kwamba chuma kiliyeyushwa katika nchi hii yapata miaka elfu mbili iliyopita, hilo limekubaliwa.

Hebu tupime jambo hili. Rugomora Mahe, kwa hesabu ya vizazi, alitawala karne chache tu zilizopita. Kazi ya chuma chini ya udongo ule yamtangulia kwa zaidi ya miaka elfu. Basi wazee walikosea? Katika hesabu ya miaka, ndiyo. Lakini katika mahali hawakukosea hata hatua moja. Vizazi vingi sana vilipita, lugha zikabadilika, watawala wakaja na kuondoka, na bado mtu alijua kunyosha kidole na kusema: hapa palifuliwa chuma. Ndiyo maana mwenye kudharau masimulizi afanana na mwenye kuamini kila neno lake; wote wawili hawakufanya kazi ya kuchimba.

Katika miaka ya 1970 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya walioikumbuka kazi ile wayeyushe chuma tena. Wazee wakachimba shimo la tanuri, wakachoma matete ya bondeni humo hata yakawa makaa meusi yaliyojaa shimo, wakajenga tanuri juu yake kwa udongo na mavi ya chuma ya zamani. Wakaingiza mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri, na vijana wakavuta mivukuto kwa zamu, saa baada ya saa. Chuma kilitoka. Mwaka 1978 wataalamu hao wawili walitangaza habari hizo, wakaeleza kwamba hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla haijafika kwenye makaa, na hivyo joto likazidi sana. Wengine wamebishana nao juu ya maelezo hayo. Lakini chuma kilichoonekana kwa macho hakina ubishi.

Neno moja zaidi juu ya kazi hiyo. Tanuri halili mawe tu. Lala na misitu. Ili kuyeyusha chuma kidogo watu walikata miti mingi ya makaa, na wataalamu waonelea kwamba mashoka yale, pamoja na ya wakulima, yalisaidia kuiondoa misitu ya zamani. Basi ile rweya iliyo wazi, ambapo mpandaji wa baisikeli hufurahia upepo na kuona mbali, sehemu yake ni kumbukumbu ya wahunzi. Walituachia chuma, na walituachia nchi tupu. Mtu akitaka kuwasifu babu zake, na awasifu kwa haki, akitaja yote mawili.

Na kazi yenyewe ilikomaje? Haikukatazwa kwa upanga. Yalikuja majembe ya ng'ambo, yaliyopakiwa melini, rahisi kuliko jembe la mhunzi wa kijiji. Mwanzoni mwa karne ya 20 matanuri yakazimika moja moja, na mtoto wa mhunzi akaenda kutafuta fedha ya kahawa anunue jembe la mgeni, na baadaye baisikeli ya mgeni. Hivyo yule anayekanyaga chuma kilichotoka mbali, juu ya udongo ulioficha chuma cha babu yake, ana jambo la kufikiri njiani. Simwambii aitupe baisikeli. Namwambia ajue ya kuwa ufundi haukuanza siku ile sanduku lilipofunguliwa bandarini.

Kutoka Maruku, mwenye nguvu ataendelea kusini apite Kanazi, penye habari za Kahigi, kisha aelekee Muleba. Njiani, Kaboya, yapo makaburi ya mashujaa. Hapo wamelala mamia ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita vya Kagera. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaishika nchi ya kaskazini hata mto Kagera, yakalivunja daraja la Kyaka. Watu wakakimbia wakiacha ng'ombe na migomba. Vita vikageuka, na tarehe 11 Aprili 1979 serikali ya Amin ikaanguka. Mpita njia akifika Kaboya na apunguze mwendo, wala asipige kengele.

Mbele zaidi ni nyanda za juu za Kamachumu, ambako hewa ni baridi na vilima ni virefu. Upande huu ndiko alikozaliwa Laurean Rugambwa, mwaka 1912. Alisoma Rubya, katika seminari iliyoanzishwa na Mapadre Weupe siku za Wadachi. Akawa padre mwaka 1943, askofu mwaka 1952, na mwaka 1960 akafanywa Kardinali, Mwafrika wa kwanza wa nyakati zetu kupata cheo hicho. Alifariki mwaka 1997. Kwa muda alizikwa Kashozi, na mwaka 2012 mwili wake ulihamishiwa katika kanisa kuu la Bukoba. Na kutoka upande wa Walutheri, Josiah Kibira, mzaliwa wa Bukoba, alichaguliwa mwaka 1977 kuwa Rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo.

Karibu na Kamachumu iko hospitali ya Ndolage. Hapo, mwaka 1983, walitambuliwa wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania. Ninyi nyote mwajua yaliyofuata. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu. Nyingine zilibaki na mlango uliofungwa tu. Tumezoea kuhesabu hasara hiyo kwa mikono ya kulima na kwa yatima. Iko hasara nyingine isiyohesabiwa: wale waliokufa walikuwa ndio kamba ya kati, wapokeao maneno ya wazee na kuyapeleka kwa watoto. Kamba ilipokatika, maneno yalibaki upande wa wazee, na wazee wakaenda nayo kaburini. Mwaka 1970 mtu wa Katuruka aliweza kumwonyesha mgeni mahali pa kuchimba. Je, leo akija mwingine katika kijiji chako, nani atanyosha kidole?

Ibaki njia ya kaskazini, nami nitaitaja kwa ufupi. Kashozi ndipo Mapadre Weupe walipoanzisha misheni yao ya kwanza katika nchi hii, mwaka 1892. Mbele yake, katika Kiziba, ipo miamba ya Bwanjai yenye michoro ya rangi nyekundu iliyochorwa na watu wa kale. Tazameni kwa macho, wala msiishike kwa vidole. Majengo nayo yazeeka: tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016 liliua watu na kuangusha nyumba nyingi upande huu, na shule ya zamani ya Ihungo ilibidi kujengwa upya. Yaliyosimama miaka mia yaweza kulala kwa dakika moja.

Kwa hiyo, wasikilizaji, nina mashauri manne kwa mwenye baisikeli, hasa kwenu vijana wa shule.

La kwanza, kaguzeni breki na mnyororo kabla ya kuondoka, na wakati wa mvua shukeni msukume kwa mkono penye mteremko. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama ndizi iliyomenywa.

La pili, kibanja ni nyumba ya mtu hata kama hakina ua. Piga hodi, amkia, eleza unalotafuta, ndipo upite.

La tatu, msiokote mavi ya chuma wala vigae mkavipeleka nyumbani. Kigae kikiondolewa mahali pake ni kama neno lililokatwa katikati ya barua; aliye nalo hana faida, na barua haisomeki tena.

La nne, nalo ni kubwa, chukueni daftari. Kila njia mpitayo, tafuteni mzee mmoja tu, mumwulize jina la kilima, jina la kijito, na sababu yake. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, na jina lake, na jina la kijiji, na tarehe. Msimsahihishe. Akisema mnara ulifika mbinguni, andikeni mnara ulifika mbinguni. Atakuja baadaye mwenye jembe na kipimo, naye atajua la kufanya; lakini jembe lake halitakuwa na pa kuanzia kama daftari lenu ni tupu.

Kutoka Kibeta njia zote hizi zaanza kwa mteremko, na kurudi ni kupanda. Msiondoke mmechelewa. Nawatakieni safari njema, na afya, na masikio ya kusikiliza. Kwaherini.